Siku Nane kutoka Helsinki

Kutoka uwanja wa ndege wa Helsinki mpaka ule wa Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa elfu saba na nusu, ukipita angani moja kwa moja. Najua kwa sababu mume wangu alipima kwa uzi. Wakati huo hakuwa mume wangu bado. Alikuwa mwalimu wa jiografia pale Newala, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za kwenda shamba, na alikuwa anatafuta kila njia ya kumpendeza mama yangu. Akaazima tufe la shule, akalifunga nyuma ya baiskeli mpaka kwetu Chilangala, akalaza uzi kutoka nchi ile hadi hii, kisha akaunyoosha juu ya rula. Akasema ndege ikiruka bila kutua ingefika kwa saa kama kumi hivi, ila hakuna ndege inayofanya hivyo. Abiria hushushwa katikati ya Ulaya, wakangoja nyingine. Mama alimsikiliza kwa makini mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama huo uzi ataondoka nao, maana alikuwa na nguo ya kushona.

Kule Helsinki alikuwako mjomba wangu, mdogo wake mama, ndugu yake pekee wa kiume. Ujanani alibeba vyuma vya Wafini waliokuja kutuchimbia visima. Akajifunza mashine zao, wakamwona ana akili, wakampeleka kwao kusoma, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Aliondoka nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Nilimjua kwa picha moja tu, amesimama kwenye theluji na koti linalofika magotini, na mama alipowaonyesha watu picha ile alikuwa akiwahakikishia kwamba ule si unga.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba atakulea na utampenda, lakini siku watu wakija kukuposa, mwenye kuwajibu ni mjomba. Huketi mkekani, akatazamana na mzee wa upande wa pili, akaulizwa, akajibu, basi, umetoka kwa heshima. Bila jibu hilo padri anaweza kukufungisha ndoa vizuri kabisa, na bado wanawake kisimani watasema umechukuliwa tu. Wapo waliokuwa wakiweka mjomba wa kuazima, binamu fulani aliyevalishwa koti. Mama hakutaka mtu wa kuazima. Alisema mdogo wake yupo hai, ana miguu, na siku hizi kuna ndege.

Hilo la ndege lilikuwa limeingia vichwani mwa watu wengi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na maduka ya Newala, ambayo mimi nilikua nikiyajua kwa rafu tupu na foleni ya sabuni, yakajaa tochi, redio, sahani za maua na marobota ya mitumba. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda kwetu na malori yao. Duka moja likatundika kalenda kubwa yenye picha ya ndege ikipasua mawingu, na kila aliyekwenda kununua chumvi alirudi akiwa mtaalamu wa safari za anga. Tuliamini kweli kwamba Ulaya imesogea.

Mjomba alipoandikiwa habari za posa, alijibu kwamba atakuja, akataja na siku atakayopiga simu posta ya Newala. Tulikwenda na mama asubuhi, tukakaa kwenye benchi mpaka karani akatuita. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akazungumza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, posta nzima ikanyamaza kusikiliza. Mjomba alimwambia atapanda ndege Jumamosi, na kwa jinsi alivyoulizia hali ya barabara ya huku kusini, safari ni ya siku nane.

"Nane," mama akarudia. "Vizuri, mdogo wangu. Uje na afya."

Simu ikakatika. Tulipokuwa tunarudi akaniambia mjomba atafika Jumatano.

Sikumuuliza Jumatano imetoka wapi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeipata hiyohiyo. Juu kwetu maji yalikuwa bondeni, chini kabisa ya mteremko, na mwanamke akisema maji ya nusu siku alikuwa na maana ya kushuka, kuteka na kupanda na ndoo kichwani. Hakuna aliyewahi kutaja umbali wa kushuka peke yake, kwani nani alishuka ili abaki huko? Tukazoea kupima kila safari namna hiyo, ya shamba, ya hospitali, ya mnadani. Safari ya siku nane ni nne za kuja na nne za kurudi. Mtoto mdogo wa kwetu angekuambia hivyo. Tena hesabu ilikubali: siku moja ya ndege na tatu za barabara.

Baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa ameshafika kutoka Bukoba. Alivuka ziwa kwa meli, akapanda treni mpaka Dar, halafu basi la kuja kusini, peke yake, mzee wa miaka mingi, na begi moja na vifurushi vya kahawa ya kutafuna vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Alitugawia sote. Mama alitafuna zake kwa adabu kubwa, na zilizobaki akanitia mimi mkononi nyuma ya mlango. Mzee huyo alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, na tangu siku ya kwanza alisema wazi kwamba hawezi kukaa sana. Mkewe alikuwa mgonjwa. Angesikia jibu la mjomba Jumatano, Ijumaa angeanza safari ya kulipeleka kwa ukoo wake, maana na wao walikuwa na desturi: mtu aliyetumwa kuposa hurudi na jibu, au hurudi na aibu.

Jumatano ikafika. Walichinjwa mbuzi wawili, wali ukapikwa kwenye masufuria ya kuazima, ndugu wakaja kwa miguu hata kutoka Mnyambe. Mkeka mpya ulitandikwa uani. Kila lori lililosikika mbali, wanaume walisimama wakaenda barabarani, wakarudi. Alasiri chakula kikaliwa, kwa kuwa wali haungoji mtu, lakini watu walikula kama wako msibani. Mmoja wa shangazi zangu akasema, na hakusema kwa kunong'ona, kwamba waliokwenda Ulaya ndivyo walivyo, wanasahau hata walikotahiriwa. Mama alisikia. Alikusanya masufuria yote, akakataa kusaidiwa, akayasugua kwa mchanga mpaka nikaona vidole vinamchubuka.

Nami nilikuwa na hasira, sifichi. Nilijiambia abaki na theluji yake. Nilimwona mchumba wangu ameketi pembeni ya baba yake, wote wawili kama watu waliofika nyumba isiyo yao, na nikajua kwamba mzee yule akiondoka Ijumaa bila jibu, hatarudi tena. Nani angevuka nchi nzima mara mbili kwa ajili ya binti wa watu wanaoshindwa kumleta mjomba wao?

Kesho yake mwalimu alikuja kumsalimu mama. Akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mjomba alisema hasa safari ni siku ngapi.

"Nane," mama akasema.

"Na jana ilikuwa ya nne, mama."

"Ndiyo. Nne za kuja. Nne nyingine si za kurudi kwake?"

Mwalimu alimtazama, akanitazama na mimi, akaona kwamba hata mimi nangoja kusikia kosa liko wapi. Nampenda mtu huyu kwa mambo mengi, lakini kama ningeambiwa nichague moja, ni kwamba siku ile hakucheka. Alieleza polepole kwamba huko wanakokaa kina mjomba, safari huhesabiwa ya kwenda tu. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hajatusahau?"

"Yuko njiani, mama. Nadhani sasa hivi yuko Dar."

Baba yake mwalimu alipoelezwa, yeye alicheka. Mabega yalitikisika mpaka akafuta machozi, na mama badala ya kuudhika akacheka naye, mara ya kwanza tangu Jumatano. Mzee akasema atangoja. Basi la mwisho analoweza kupanda ni la Jumatatu alfajiri kutoka Masasi. Likimpita hilo, treni imempita, na meli imempita, na huko nyumbani kuna mtu kitandani anayeulizia kila siku. Mpaka Jumatatu ni wetu. Na asionekane mgeni wa kulishwa tu, akavua viatu akaingia shambani kuokota korosho. Alifundishwa kunyonga korosho kutoka kwenye bibo, akayala mabibo mengi kuliko inavyofaa, akajichafua shati jeupe kwa maji yake. Doa la bibo halitoki. Alikufa nalo lile shati, alikuwa akilivaa makusudi.

Jumamosi mchana mama aliweka jembe chini katikati ya mstari. Alikuwa anahesabu, mara hii kwa mtindo wa Kifini. Siku ya nane ni Jumapili. Hata mjomba akiwahi, Masasi atafika alasiri, na gari la kupanda kwetu hatalipata mpaka kesho yake. Na kesho yake mzee atakuwa ameshaondoka. Wawili hao wangepishana Masasi bila kujuana.

"Tunashuka sisi," akasema.

Wazee wa ukoo walikataa. Jibu hutolewa uani kwa mama wa binti, siyo stendi, kati ya wapiga debe na mbuzi wa watu. Mama alikuwa ameshaukunja mkeka. "Mkeka ni wa kwetu," akawaambia. "Nitakapoutandika ndipo kwetu." Halafu akaenda kuomba lifti kwenye lori la korosho, na wazee wale wale wakaonekana wanatafuta viatu vyao.

Tuliteremka Masasi Jumapili asubuhi tumekaa juu ya magunia, mzee wa Bukoba kapewa nafasi mbele kwa dereva. Shangazi yangu, yuleyule mwenye maneno, alikuwa anapika chai na maandazi nyuma ya stendi, na uani kwake ndipo mkeka ulipotandikwa. Milima ya mawe ya Masasi ilikuwa imefunikwa na mawingu meusi nusu ya juu. Tulingoja. Mabasi yaliingia, mama akasimama kila mara, akakaa.

Alikuja alasiri, siyo kwa basi. Alikuja juu ya lori la saruji, mweupe mwili mzima kwa vumbi, na aliposhuka alishuka kwa magoti. Nilimtambua kwa lile koti tu, alilokuwa amelibeba begani. Ndege ya pili ilikuwa imemwacha Ulaya, ndege ndogo ya Mtwara ilikuwa haina nafasi, kivuko cha Rufiji kilikuwa kimeharibika wakalala ng'ambo na mbu, basi lililompokea upande wa pili likavunjika kabla ya Lindi. Miguu ilikuwa imevimba, viatu kavitundika shingoni kwa kamba zake. Mama alimfikia wa kwanza. Hakumkumbatia. Aliinama akamshika miguu, mmoja mmoja, akaiminya kwa kidole, na mahali alipominya pakabaki shimo. Alilitazama lile shimo kwa muda mrefu.

"Shikamoo, dada," mjomba akasema.

"Marahaba."

Walimnawisha, wakampa chai. Akaketi mkekani, miguu imenyooshwa mbele kwa kuwa haikukunjika, jambo lisilo la adabu, na mzee wa Bukoba aliketi mbele yake naye akanyoosha ya kwake ili wawe sawa. Mwalimu akawa mkalimani, maana mjomba aliazimia kujibu kwa Kimakonde. Kilikuwa kimemganda. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni, lakini aliyapata yote.

Mzee akasema wamekuja kuomba mtu. Mjomba akauliza kama wamemwona vizuri, wasije wakarudi kusema hawakumwona. Mzee akasema wamemwona, na wamemwona hata anavyookota korosho. Mjomba akanigeukia mimi, ambaye hakuwa ameniona tangu nina mapengo, akauliza kama nataka kwenda. Nikasema nataka. Akasema, "Basi mimi ndiye mjomba wake, na mimi nimesema ndiyo. Mkimchoka msimtupe. Mrudisheni kwangu." Mrudisheni kwangu, kutoka Bukoba hadi Helsinki. Watu walicheka, na mimi nililia mpaka shangazi akanipa kitambaa cha kufutia vikombe.

Ndoa ya kanisani ilifungwa Newala wiki mbili baadaye, na kusema kweli siikumbuki sana. Mimi niliolewa pale, nyuma ya stendi ya Masasi.

Jioni ile ile, matone ya kwanza yakiwa yanapiga mabati, dereva wa basi la alfajiri alikuja kunywa chai. Akatuambia mvua imeshaanza kunyesha huko mbele, kivuko kimeungwaungwa kwa kamba tu, na kama kuna mtu ana safari ya Dar aende na basi hili; la kesho kutwa hamhakikishii mtu. Mjomba alikuwa amepanga kukaa nasi juu kwetu siku tano. Alikuwa amebeba mbegu za maua ya kupanda kwenye kaburi la bibi. Ndege yake ya kurudi ilikuwa na siku yake, na kazi nayo. Akasema ataibahatisha barabara, atabaki.

"Hapana," mama akasema. Mama huyuhuyu aliyekataa mjomba wa kuazima, aliyesema mdogo wake ana miguu na kuna ndege. "Umesema ulilokuja kulisema. Kesho utaondoka na mzee."

"Dada, sijafika hata nyumbani."

"Umefika. Umekaa kwenye mkeka wa nyumbani."

Alichukua zile mbegu, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Asubuhi giza lilikuwa bado halijaachia vizuri tulipowasindikiza. Mzee wa Bukoba aliingia kwanza, akashika viti viwili, na mjomba alipoketi, mzee akainama akanyanyua ile miguu iliyovimba akailaza juu ya mapaja yake, juu ya shati lenye doa la bibo, kama vile amekuwa akifanya hivyo miaka yote. Mpaka leo nikikumbuka, namshukuru Mungu kwa ukoo alionipeleka. Mama alisimama chini ya dirisha. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso.

"Mdogo wangu, nisikilize," akamwambia. "Nilikuita bila kujua ni mbali hivi. Sasa nimeona. Usije tena kwa kuitwa. Njoo ukipata nafasi na afya, lakini usiitwe. Hata nikifa, wakikupigia simu, ukae hukohuko. Mimi nimeshakuona."

Mjomba alitoa mkono dirishani akamshika kichwani, mdogo akimshika mkubwa kichwani, kitu ambacho kwetu hakifanywi. Basi likaondoka hivyohivyo, mkono ukiteleza. Walifika. Mzee alimkabidhi mjomba uwanja wa ndege kwa mkono wake mwenyewe ndipo akaenda kupanda treni, na mkewe alimkuta hai, na jibu letu alilisikia akiwa amekaa.

Mama alifariki miaka mingi baadaye, lami ikiwa imeshafika Masasi na kila mtu ana simu mfukoni. Mjomba alikuwa mzee, anaumwa moyo, madaktari wamemkataza ndege. Alinipigia akilia, akasema atapanda hivyohivyo. Nilimkatalia. Lakini uani wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kikao, na wajukuu walikuwa wameshawapigia hesabu kwenye simu zao: Helsinki hadi Dar, muda wa kungoja viwanjani, Dar hadi Mtwara kwa ndege, Mtwara hadi Newala kwa gari. Siku mbili tu. Wakasema mazishi yangoje, haiwezekani dada azikwe na ndugu yake hajatokea, watu watatuelewaje?

Nilisimama mbele yao, mwanamke, bila kuruhusiwa. Nikawaambia wachimbaji wamalize kaburi.

"Na mjomba wako?" mkubwa wao akaniuliza.

"Alishakuja," nikasema.